Majani Mekundu

Koti langu la baridi nililinunua Tabora. Ilikuwa Julai, mwezi mmoja kabla ya safari, na muuza mitumba alilishusha kutoka kwenye kamba, akalikung'uta mara mbili, akaniambia hilo ni la bodaboda, halipitishi upepo. Alisema kweli. Kipupwe cha Tabora hakidharauliwi. Alfajiri za Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi, na vijana wa bodaboda huvaa makoti mazito ya Ulaya, wengine nyuma mbele ili zipu ikae mgongoni na kifua kisipigwe. Ndani ya kola palikuwa na kitambaa kidogo chenye maandishi nisiyoyaelewa. Miezi mitano baadaye, chumbani kwangu Uppsala, niliweza kuyasoma: lifuliwe kwa maji ya nyuzi 30, lisikaushwe kwa mashine. Kiswidi. Koti lile lilikuwa limetoka huko, likavuka bahari ndani ya robota, likafika Unyamwezi, nami nikalirudisha kwao.

Nilikwenda kusomea misitu katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Uswidi, pale Ultuna, kusini mwa mji wa Uppsala. Siku ya kuaga, bibi yangu, ambaye ameishi Sikonge umri wake wote, aliniuliza theluji ni kitu gani. Nikamwambia ni kama mvua ya mawe, ila laini, inashuka bila kelele na inaweza kukaa chini miezi mizima. Akafikiri.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "mvua isiyo na kelele utajuaje kama imekuja?"

Tukacheka wote wawili. Nimelirudia swali lile mara nyingi kuliko somo lolote nililofundishwa darasani. Watu huniuliza niliwezaje baridi, na mimi huwajibu kwamba baridi ina dawa: koti, soksi za sufu, chai, na kukaa karibu na wenzako. Kilichonishinda mwaka ule wa kwanza ni kusoma mwaka wenyewe. Nilikuwa nimetoka mahali ambapo mtoto wa miaka kumi anajua, kwa kuangalia miti na kunusa upepo, kazi gani inafuata nyumbani. Uppsala nilikuwa na shahada ya kwanza mfukoni na sikujua lolote kati ya hayo.

Niliwasili katikati ya Agosti. Jua lilikuwa bado linachelewa kutua, watu wamevaa kaptura, na nilijiambia kwamba habari za Ulaya ya kaskazini zimetiwa chumvi. Wiki ya pili, mama mmoja mstaafu ambaye hujitolea kuwakaribisha wanafunzi wageni alinichukua kwenda msituni kuchuma uyoga. Waswidi wana haki ya kale inayomruhusu mtu yeyote kupita katika msitu, hata ulio mali ya mtu mwingine, na kuchuma uyoga na matunda ya porini mradi asiharibu. Huiita *allemansrätten*. Tuliingia katika msitu wa misonobari, kimya, chini pamefunikwa na mimea laini kama godoro. Yule mama alikuwa na kikapu na kisu kidogo. Akainama, akafunua majani, na pale chini ukawepo uyoga wa njano, wenye umbo la tarumbeta, mikunjo yake ikishuka hadi kwenye shina.

Nilipiga kelele. Ule uyoga naujua! Mtu yeyote aliyepita barabara ya Tabora kwenda Sikonge kati ya Desemba na Machi ameuona: kina mama wamekaa kandokando, mbele yao ndoo na sado zilizojaa uyoga wa njano, na harufu yake inaingia hadi ndani ya basi. Yule mama wa Kiswidi aliuita *kantarell*. Baadaye nilijifunza kwamba ukoo huo wa uyoga unaishi kwa kushikamana na mizizi ya miti, mti ukiupa sukari na uyoga ukiuletea mti maji na madini. Miti mingi ya nchi za joto ina washirika wengine kabisa ardhini. Mitundu na miyombo yetu, pamoja na misonobari ya kaskazini, hula na ukoo huu mmoja. Ndiyo sababu mtu wa Unyamwezi na mtu wa Uppsala, ambao karibu kila kitu kinawatenga, hupika uyoga ndugu, mmoja kwa karanga na mwingine kwa siagi.

Lakini hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Kwetu uyoga wa njano unasema mvua imeshika, shamba liko kijani, chakula kinakuja. Pale ulikuwa unasema majira ya joto yanakwisha. Nilikuwa nimetambua herufi nikadhani najua kusoma.

Mwishoni mwa Septemba miti ilianza kuwa myekundu. Ilianza mmoja mmoja: ule wanaouita *lönn*, wenye majani kama kiganja kilichofunguliwa, kisha *asp*, ambao majani yake hutetemeka hata pasipo upepo, kisha *rönn*, wenye vishada vya matunda mekundu. Kufikia katikati ya wiki ya kwanza ya Oktoba njia yote ya kwenda Ultuna ilikuwa inawaka.

Asiyeijua miombo hataelewa nilichohisi. Kuanzia Julai mpaka Septemba, msitu wa Tabora unapukutisha majani. Ardhi inakuwa ngumu, moshi wa mioto ya porini unatanda, na mchana wa Oktoba joto hupita nyuzi 30. Halafu, wiki kadhaa kabla hata tone moja la mvua halijadondoka, miti inachipua. Inatumia maji iliyoyahifadhi katika mizizi na mashina, na majani yake machanga hayatoki ya kijani. Yanatoka mekundu, rangi ya shaba, zambarau, waridi. Ukisimama kwenye kilima unaweza kudhani msitu umeshika moto. Huo ndio wakati wa kukarabati paa na kuandaa jembe, na wakulima wa tumbaku huwa wanamwagilia vitalu. Jani jekundu kwetu ni mtoto mchanga.

Kwa hiyo moyo wangu ulifurahi kabla akili haijauliza. Nilimpigia mama simu, nikamwambia, "Mama, huku miti imechipua, inaelekea mvua iko karibu." Mama akashukuru Mungu. Usiku wa siku ya tatu upepo ulivuma. Asubuhi nilitoka nikakuta mti uliokuwa mbele ya dirisha langu umebaki mifupa, na majani yote yale yamelala chini, yameloa, watu wanayakanyaga kwenda kazini. Nilisimama pale na baiskeli yangu. Haikuwa baridi sana, labda nyuzi 6, lakini niliingiwa na baridi ya namna nyingine. Nilikuwa nimeitangaza ile miti kuwa inazaliwa, kumbe inajiandaa kulala.

Mwalimu wetu wa ikolojia alinifafanulia siku ileile. Mti wa kaskazini hupima urefu wa usiku. Usiku ukirefuka kufikia kiwango fulani na baridi ikiongeza sauti yake, mti huvunja rangi ya kijani iliyomo kwenye jani, huvuta naitrojeni na virutubisho vingine kurudi mwilini, kisha hulikata jani shingoni. Rangi nyekundu hutengenezwa wakati huohuo, ikiwa ya kundi la anthosayanini, na wanasayansi wengi wanaona kazi yake mojawapo ni kulikinga jani na mwanga mkali wakati linavuliwa mali yake. Nikamuuliza vipi kuhusu jani changa la mtundu kule Tabora, jekundu kabla ya mvua. Akasema ni kundi lilelile la rangi, likilinda jani ambalo bado halijakomaa. Ngozi ileile hulifunika jani changa kabisa na jani linalokwenda kufa. Nilitoka chumbani mwake nikiwa nimepumua kidogo: angalau kosa langu lilikuwa na msingi.

Nikaanza kuwafikiria wapagazi.

Nimekulia mahali ambapo barabara ya misafara bado inaonekana kwa anayejua kuitazama. Miembe mikubwa inayosimama kwa mstari kuelekea Kwihara, nje ya mji wa Tabora, inaonyesha mahali watu walipopita, wakapumzika na kula. Karne ya kumi na tisa njia hii ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, Tabora ya leo, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Mashuleni tunafundishwa majina ya waliobebewa mizigo. Tunafundishwa kidogo sana kuhusu elimu ya waliobeba.

Elimu hiyo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, elimu ya majira. Wapagazi wa Kinyamwezi walivuna kwanza. Mtama ukishaingia ghalani, Mei au Juni, ndipo wanaume walipofunga pembe za ndovu na kushika njia ya pwani, na wengi walijitahidi kurudi kabla ya mvua za Novemba ili washike jembe. Ndani ya miezi hiyo michache palikuwa na hesabu nyingine. Ukitangulia mno, bonde la Makata lilikuwa bahari ya tope. Ukichelewa, Mgunda Mkali, ile nyika ndefu kati ya Ugogo na Unyanyembe, ulikuwa umekauka na mtu angeweza kufia njiani na frasila mbili begani. Stanley, mwandishi aliyekuja kumtafuta mvumbuzi Livingstone, hakuisikiliza hesabu hiyo. Aliondoka Bagamoyo Machi 1871, masika yakianza, akaivuka Makata ndani ya maji, watu wake wakiugua na punda wakifa, akaingia Unyanyembe mwezi Juni. Livingstone alikaa Kwihara tangu Stanley alipomwacha, Machi 1872, akisubiri wapagazi kutoka pwani, akaweza kuondoka tarehe 25 Agosti tu. Miezi mitano, mingi yake ya ukame na bora ya kutembea, ilipotea katika tembe lile ambalo leo ni makumbusho. Mvua zikamkuta kwenye mabwawa ya Bangweulu, na mwanzoni mwa Mei 1873 akafia kijijini kwa Chitambo. Mimi huwa naamini kwamba pamoja na maradhi yake ya siku nyingi, kilichomuua ni kalenda. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walioubeba mwili wake walipita nao Unyanyembe Oktoba mwaka huo, miti ikiwa myekundu, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874.

Mabaharia wetu walitumia neno majira kwa njia ya chombo baharini, ule mwelekeo ambao nahodha anaushika. Sisi wa bara tunalitumia kwa nyakati za mwaka. Kwa kilangozi aliyetangulia mbele ya msafara maana hizo mbili zilikuwa kitu kimoja. Uppsala, Oktoba ile, nilikuwa nimepoteza majira kwa maana zote mbili, na kukiri hivyo kulinisaidia. Nilinunua daftari. Kila jioni niliandika alama moja: ndege waliopita kwa makundi kuelekea kusini, saa taa za barabarani zilipowaka, siku madimbwi yalipofanya ngozi ya barafu. Mwenzetu mmoja kutoka Makete aliipita Oktoba bila taabu. Asubuhi moja nyasi zilipoamka nyeupe alisema tu, "Sakitu hiyo," kama mtu aliyekutana na jirani. Kwao mashamba huungua kwa sakitu. Mimi neno nililijua kitabuni.

Mwanzoni mwa Novemba, Jumamosi ya kuwakumbuka watakatifu wote, yule mama wa uyoga alinipeleka makaburini. Ilikuwa saa kumi alasiri na giza linaanza kuingia. Makaburi ya kale ya Uppsala yalikuwa yamejaa mishumaa midogo, mamia kwa mamia, kila familia ikiwasha kwa watu wake, bila hotuba na bila mwimbaji. Aliwasha kwa mumewe, kisha akanipeleka kwenye kaburi la ukoo wa Hammarskjöld. Jiwe lilikuwa la kawaida tu. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa Septemba 18, 1961, ndege yake ilipoanguka msituni karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, akiwa safarini kutafuta amani ya Kongo. Alikulia mji huu, na hapa ndipo alipozikwa. Nilimweleza yule mama kwamba msitu wa Ndola ni miombo, ndugu wa msitu wetu, na kwamba Septemba ndio mwezi miombo inapoanza kutoa majani mekundu. Alinyamaza muda mrefu. Miaka yote aliyokuja pale, alisema, hakuwahi kufikiria kwamba palikuwa na miti mahali alipofia Hammarskjöld. Akanipa mshumaa niuwashe mimi.

Kisha ikaja Desemba, na Desemba ilinivunjia saa.

Sisi tunahesabu kuanzia jua. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana kwa sababu jua limetoka, na saa kumi na mbili jioni ni mwisho wake. Hesabu hii imetengenezwa na watu wanaoishi mahali ambapo jua halidanganyi. Tabora iko nyuzi 5 kusini ya ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote ni zaidi kidogo ya nusu saa. Uppsala iko karibu nyuzi 60 kaskazini. Tarehe 21 Desemba jua lilichomoza karibu saa tatu kasorobo, likatambaa juu ya mapaa bila kupanda, likatua karibu saa tisa kasorobo. Adhuhuri, alasiri na magharibi zilibanana ndani ya muda wa saa tatu. Asubuhi moja niliamka, nikaona giza, nikarudi kulala kama mtu mwenye akili timamu anavyofanya usiku. Niliamka tena, bado giza. Somo la siku ile lilikuwa limekwisha na jua lilikuwa limekuja na kuondoka.

Daktari alinishauri vidonge vya vitamini D, maana miezi hiyo jua la huko liko chini mno kuweza kuitengeneza kwenye ngozi, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Ni ushauri ambao kila mwanafunzi anayekwenda huko aupokee kabla ya Oktoba. Ushauri mwingine niliupata madirishani. Kuanzia mwisho wa Novemba kila nyumba huweka taa dirishani, taa ndogo saba zilizopangwa kama kilima, na haziwekwi kwa ajili ya walio ndani. Zinamwangazia anayepita. Tarehe 13 Desemba, siku ya Lucia, msichana aliyevaa mishumaa kichwani aliingia ukumbini akiongoza wenzake katika giza la asubuhi. Katika kalenda ya zamani, usiku huo ulihesabiwa kuwa mrefu kuliko wote. Nilielewa basi kwamba hawa watu nao wana kilangozi wao, na kazi yake ni kuwapitisha katika usiku kama wa kwetu alivyowapitisha katika Mgunda Mkali.

Theluji ilianguka usiku mmoja wa Januari. Bibi aliuliza nitajuaje. Nilijua kwa sababu kila sauti ilitoweka: magari, nyayo, hata kunguru. Ukimya ndio ulioniamsha. Joto lilishuka wiki ile hadi nyuzi 17 chini ya sifuri, na nikakumbuka kwamba nyuzi hizo zimezaliwa mji huohuo. Anders Celsius, profesa wa elimu ya nyota Uppsala, alipendekeza kipimo chake mwaka 1742, akaweka sifuri kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye yanayoganda; wengine ndio waliokigeuza baada yake. Nyumba yake bado imesimama mtaani. Kila jioni redio inapotangaza hali ya hewa ya Tabora inatumia kamba aliyoifunga yeye.

Sikuwa wa kwanza, na hilo lilinipa nguvu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, alihamia Hamburg mwaka 1867, akazilea huko familia na huzuni zake. Selim bin Abakari alisafiri Urusi hadi Siberia mwaka 1896, akaandika habari zake kwa Kiswahili. Zimechapishwa katika kitabu alichokikusanya Carl Velten, Safari za Wasuaheli, na ndani ya kitabu hichohicho Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara hadi Tanganyika. Jalada moja limefunga nchi ya theluji na nchi ya misafara, na waliotangulia hawakuona ajabu. Tena Mwalimu Nyerere, aliyesoma shule ya serikali Tabora tangu 1937 na kurudi kufundisha St. Mary's hapohapo, aliondoka 1949 kwenda Edinburgh, ambako alisoma hadi 1952. Edinburgh iko karibu sawa na Copenhagen kwa umbali wake kutoka ikweta. Kila nikiamka gizani nilimfikiria kijana yule wa Butiama naye akitafuta asubuhi iko wapi.

Na watu wa kaskazini nao wamekuja kwetu. Wamoravia wa Denmark walifanya kazi Unyamwezi kwa miaka mingi, na hospitali ya Sikonge, ambako bibi alijifungulia watoto wake, ni sehemu ya kazi hiyo. Wapentekoste wa Uswidi walijenga hospitali ya Nkinga. Krismasi yao ya kwanza iliwakuta katikati ya kupanda mahindi, mvua ikinyesha, kumbikumbi wakirukia taa. Sidhani walikuwa na daftari la alama kama langu, ila nina hakika walilihitaji.

Februari nilimtembelea mfugaji nyuki. Kwetu nyuki huhama wakifuata maua, na warina asali huingia porini majira yakifika, wakakaa makambini wiki nzima. Nilidhani nyuki wa kaskazini hufa wote. Yule mzee alinishika bega, akasogeza sikio langu kwenye mzinga uliofunikwa na theluji. Ndani kulikuwa na mngurumo wa chini, kama pikipiki mbali sana. Nyuki hujikusanya wakawa tonge moja, malkia katikati, wakitetemesha misuli yao ili wapate joto, na wa nje wakibadilishana na wa ndani. Wanakula walichoweka akiba pamoja na maji ya sukari ambayo mfugaji aliwapa vuli badala ya asali aliyoichukua. Nilikaa pale na sikio limekufa ganzi, sikutaka kuondoka. Ilikuwa sauti ya nyumbani.

Aprili ilisumbua, theluji leo na jua kesho. Mei haikuomba ruhusa. Ndani ya wiki mbili miti yote ilivaa kijani, kijani kibichi tangu mwanzo, na watu walitoka wakalala chali kwenye majani ya bustani, macho wamefumba, nyuso zao wamezielekeza juani kama mtu anayekinga maji ya mvua ya kwanza. Mimi nilikwenda moja kwa moja kivulini, chini ya mti, kama nilivyolelewa. Nikajikuta peke yangu. Ilinichukua siku kadhaa kusogea, hatua moja baada ya nyingine, hadi nikalala juani pamoja nao, na nilipofumba macho nilihisi jinsi mwili wangu ulivyokuwa na njaa.

Mwaka ule, 2015, Ramadhani ilianza Juni 18. Jua lilitua baada ya saa nne usiku na likachomoza tena kabla ya saa kumi alfajiri, na kati yake giza halikuingia sawasawa. Kule Tromsø, Norwei, ambako jua halitui kabisa wakati huo, Waislamu hufuata saa za Makka. Sisi wa Uppsala jua lilikuwa linatua, kwa hiyo tulilisubiri. Mzee mmoja wa Kisomali, aliyewahi kuishi Mombasa na kukihifadhi Kiswahili chake vizuri, aliniona msikitini nimeegemea nguzo saa mbili usiku, jua likiwa limetandaza mwanga mwekundu ukutani. "Vumilia, mwanangu," akaniambia. "Jua la huku ni mdaiwa mwaminifu. Ukishindwa siku moja sasa kwa ugonjwa, utailipa Desemba, saa nane hivi tu umemaliza." Futari yangu usiku ule ilikuwa tende tatu na uji, na nje watoto walikuwa bado wanacheza mpira.

Nilirudi Tabora baada ya miaka miwili, Oktoba, kwa treni ya reli ya kati. Baada ya Manyoni niliamka nikafungua dirisha, na msitu wote wa kushoto na kulia ulikuwa mwekundu. Safari hii nililitazama jani vizuri kabla ya kufurahi. Lilikuwa laini, linang'aa, limeinamisha kichwa kama sikio la mwanambuzi. Changa.

Wiki iliyofuata nilipiga picha ya mitundu kule Kwihara, nikamtumia yule mama wa uyoga. Alijibu jioni hiyohiyo kwa maneno ya upole sana. Alisema ni mizuri, na kwamba anasikitika kuona baridi yetu nayo imekaribia, nivae vizuri. Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Nilianza kumweleza kuhusu maji yaliyomo kwenye mizizi, nikafuta, nikaandika kwamba mvua inakuja.

"Baba," mama aliita kutoka uani, "utashinda na simu hiyo au utapanda?" Ngazi ilikuwa tayari imeegemezwa ukutani. Upande wa jikoni mabati mawili yalikuwa bado hayajapigwa misumari.